Kanisa lipi litakupokea ukiwa shoga au msagaji? Ulinganisho kwa Mkristo wa Afrika Mashariki na aliye ughaibuni

Watu wengi huanza kwa kuuliza ni kanisa lipi linaloruhusu. Kwa Mkristo aliye shoga au msagaji hapa Afrika Mashariki, na kwa mzazi wake pia, swali hilo halimfikishi mbali. Katoliki, KKKT (Walutheri wa Tanzania), Anglikana, Wasabato, Wapentekoste: wote hapa kwetu wanafundisha kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na kwamba mapenzi ya jinsia moja ni dhambi. Ukiwapima kwa hilo tu, hakuna cha kuchagua. Wanapotofautiana, tena sana, ni baada ya kukujua. Siri yako ataisikia nani, na ana ruhusa ya kuipeleka wapi? Utazuiwa nini: Meza ya Bwana, kwaya, uongozi? Mtoto unayemlea atabatizwa? Siku ukifa, nani atakuzika? Nimewalinganisha kwa maswali hayo, kwa kuwa ndiyo yanayoamua kama mtu ataendelea kusali au ataacha kabisa.

Ila kwanza ijue sheria ya nchi unayoishi. Tanzania, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaanzia miaka 30 jela na kufika kifungo cha maisha. Kenya ni hadi miaka 14 chini ya kifungu cha 162, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukibatilisha. Burundi iliingiza kosa la mapenzi ya jinsia moja katika sheria mwaka 2009. Uganda ilipitisha sheria ya mwaka 2023 yenye hata adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya huko iliiacha sheria hiyo karibu yote, lakini ilifuta kipengele kilichowalazimisha watu kuripoti. Kwa hiyo mchungaji wa Uganda anayekuambia kwamba sheria inamlazimu akupeleke polisi hasemi kweli. Rwanda na Kongo hazina kifungu kinachotaja kosa hilo. Vifungu vya Kenya na Tanzania vinaadhibu tendo, si mtu kwa jinsi alivyo, ila maneno uliyoyasema ofisini kwa mchungaji yanaweza kukurudia vibaya. Ndiyo maana suala la siri nimeliweka mbele ya mengine yote.

Wakatoliki

Kanisa Katoliki ndilo lililoandika wazi zaidi, na mtu akijua kilichoandikwa ana pa kushika. Katekisimu, namba 2357 hadi 2359, inasema matendo ya jinsia moja hayawezi kukubaliwa kwa hali yoyote. Hapo hapo inasema watu wenye mwelekeo huo wapokewe kwa heshima, huruma na upole, na kila dalili ya ubaguzi usio wa haki iepukwe. Wanaitwa kuishi usafi wa moyo. Maana yake ni kwamba mwelekeo wenyewe hauhesabiwi kuwa dhambi. Mkatoliki shoga anayeishi bila mwenzi na anayetubu kama waumini wengine hana kizuizi cha kupokea komunyo, na padri anayemnyima kwa sababu tu amejua alivyo amevuka mafundisho ya Kanisa lake mwenyewe. Wengi hawalijui hili. Wamesikia mahubiri ya hasira wakaamini ndiyo Katekisimu.

Papa Fransisko alibadili sauti kuliko alivyobadili sheria. Mwaka 2013, ndani ya ndege akitoka Brazil, aliuliza yeye ni nani amhukumu mtu shoga anayemtafuta Bwana kwa nia njema. Januari 2023 alisema wazi kwamba kuwa shoga si kosa la jinai. Siku chache baadaye, katika ndege iliyomtoa Sudan Kusini, alirudia kupinga sheria za namna hiyo akiwa amekaa na Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, na kiongozi wa Kanisa la Scotland, nao wakamuunga mkono. Kwa msomaji wa Kampala au Dodoma hili si jambo dogo: Papa alisema nchi isimfunge mtu kwa hilo.

Kisha ikaja tarehe 18 Desemba 2023. Vatikani ilitoa tamko la Fiducia Supplicans lililoruhusu padri kuwabariki wawili wa jinsia moja wanaomwomba baraka, bila ibada rasmi, bila kufanana na ndoa. Vatikani ilifafanua baadaye kwamba ni sala fupi ya sekunde 10 au 15. Afrika ilikataa. Tarehe 11 Januari 2024, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya mabaraza ya maaskofu wa Afrika na Madagaska, alitangaza kwamba kwa ujumla maaskofu wa bara hili wanaona baraka hizo hazifai kutolewa huku. Tamko hilo la maaskofu likirudia kwamba mafundisho ya ndoa hayajabadilika, likawahimiza wachungaji wasiache kuwalea watu hawa. Ujerumani, kwa upande mwingine, mapadri kadhaa walikuwa wameshabariki wapenzi wa jinsia moja hadharani tangu Mei 2021. Kwa hiyo Mkatoliki anayehama Bukoba kwenda Cologne anabaki na Katekisimu ileile, lakini mapokezi atakayoyakuta ni mengine.

Kuhusu siri, hakuna linaloshindana na Wakatoliki. Kinachosemwa katika kitubio padri haruhusiwi kukitoa kwa neno, kwa ishara wala kwa sababu yoyote. Akivunja makusudi anatengwa na Kanisa papo hapo, na kuondoa adhabu hiyo ni kazi ya Vatikani. Lakini zingatia mpaka wake: kinga hiyo ni ya sakramenti ya kitubio tu. Mazungumzo na paroko ofisini, na katekista, au na mwenyekiti wa jumuiya hayalindwi na kitu isipokuwa utu wa aliyekusikiliza. Ukitaka kusema, ingia kitubioni ndipo useme.

Udhaifu wa Wakatoliki hapa kwetu uko chini, kwenye jumuiya ndogondogo. Mnasali nyumba kwa nyumba, watu kumi au kumi na tano, kila mmoja anajua nani analala kwa nani. Katika parokia nyingi jumuiya ndiyo inayothibitisha kama marehemu alikuwa mwamini mwenzao kabla padri hajaja kuzika. Mtu anayejitenga na jumuiya kwa kuogopa maswali anaweza kujikuta amejinyima maziko. Ningemshauri asijitoe. Ahudhurie, alipe michango, na mambo ya chumbani kwake asiyaongee huko.

Mtoto? Oktoba 2023 Vatikani ilijibu kwamba mtoto anayelelewa na wawili wa jinsia moja anaweza kubatizwa iwapo kuna tumaini la kweli kwamba atakua katika imani ya Kikatoliki. Seminari ni habari nyingine: tangu mwaka 2005 Vatikani inaagiza wasipokewe vijana wenye mwelekeo huo uliokita mizizi.

Walutheri

Hapa ulinganisho unakuwa mkali zaidi, kwa sababu kanisa lililo Iringa na lile la Minnesota ni ndugu wa karibu. Usharika wa Iringa una usharika rafiki kule Saint Paul kwa mpango wa Bega Kwa Bega, wanatembeleana, wanasomeshana watoto. Lakini Agosti 2009 Walutheri wa Marekani, ELCA, waliruhusu wachungaji walio katika mahusiano ya kudumu ya jinsia moja. Oktoba mwaka huohuo Kanisa la Sweden liliamua kufungisha ndoa hizo kanisani, na Stockholm ikampata Eva Brunne, askofu aliyeishi wazi na mwenzi wake wa kike. Maaskofu wa KKKT walijibu Januari 2010 kwa Tamko la Dodoma: ndoa ni ya mume na mke, na walioingia katika ndoa za jinsia moja hawataalikwa kufanya kazi ndani ya KKKT. Kanisa la Mekane Yesus la Ethiopia lilikwenda mbali zaidi, likavunja uhusiano na ELCA na Sweden mwaka 2013. KKKT halikufika huko. Urafiki wa sharika uliendelea.

Kinachomgusa muumini wa kawaida wa KKKT ni nidhamu ya usharika. Aliyeonekana kuanguka hutengwa na Meza ya Bwana, kisha siku ya kurudi kundini husimama mbele ya watu. Binti aliyepata mimba nje ya ndoa anaijua njia hiyo. Kwa shoga au msagaji ni mbaya mara kumi, kwa sababu binti akirudi kundini watu husahau, lakini jina la ushoga likishatajwa mbele ya usharika halifutiki, na sasa limefika hadi masikioni mwa mwenyekiti wa mtaa. Naliona hili kuwa kosa la kichungaji. Toba ya hadhara isitumike pale inapoweza kumpeleka mtu jela au kumtoa uhai, na mchungaji mwenye busara ana nafasi ya kulimaliza jambo faraghani. Wapo wanaofanya hivyo. Mlutheri wa hapa afuatilie kwanza mchungaji wake aliwatendeaje wengine walioanguka, kabla hajafungua kinywa.

Aliye Marekani asidhani kila ELCA ni sawa. Uamuzi wa 2009 uliuachia kila usharika dhamiri yake: unaweza kumwita mchungaji shoga au usimwite. Sharika zilizojitangaza wazi hujiandikisha katika mpango wa Reconciling in Christ, na jina hilo utalikuta kwenye tovuti yao. Sweden nayo inamruhusu kasisi mmojammoja kukataa kufungisha ndoa hiyo, ingawa kanisa lenyewe halikatai.

Waanglikana

Hawa wamegawanyika hadharani, na mgogoro wao umepita kwetu mara kadhaa. Azimio I.10 la Lambeth, mkutano wa maaskofu wa Anglikana wa dunia nzima, la mwaka 1998 lilisema tendo la jinsia moja halipatani na Maandiko. Watu husahau kwamba azimio hilohilo liliwaagiza maaskofu kuwasikiliza waumini mashoga na kuwahakikishia kwamba wanapendwa na Mungu. Mwaka 2003 Marekani ikamweka wakfu Gene Robinson, shoga aliyeishi wazi na mwenzi wake, kuwa askofu wa New Hampshire. Februari 2007 maaskofu wakuu wa dunia nzima walikutana Dar es Salaam kuitaka Marekani isimamishe mambo hayo. Wapinzani walijikusanya katika GAFCON, umoja wa Waanglikana wanaokataa mabadiliko hayo, wakakutana Nairobi mwaka 2013, na Kigali Aprili 2023 wakasema hawamtambui tena Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa kiongozi wao wa umoja. Kilichowachochea Kigali ni uamuzi wa Sinodi ya Uingereza wa Februari mwaka huo wa kuruhusu sala za baraka kwa wapenzi wa jinsia moja. Sala hizo zilianza kutumika Desemba 2023, ndani ya ibada za kawaida.

Kwa anayechagua, picha ni hii. Episcopal Church, yaani Anglikana ya Marekani, inafungisha ndoa za jinsia moja tangu 2015, Scotland tangu 2017. Uingereza inabariki lakini haifungishi. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda hazifanyi lolote kati ya hayo, na Uganda ilikwenda hadi kuisifu sheria ya 2023, Askofu Mkuu Stephen Kaziimba akiwa miongoni mwa walioipokea kwa furaha. Ninashindwa kulipatanisha hilo na nusu ya pili ya azimio la 1998.

Swali la maziko halijapata jibu la wazi kuliko lililotolewa Uganda Januari 2011. David Kato, mtetezi wa haki za mashoga aliyeuawa nyumbani kwake, alizikwa kijijini kwao. Kasisi wa Anglikana aliyeongoza mazishi alishika kipaza sauti akaanza kuwahubiria rafiki za marehemu habari za Sodoma na Gomora, akiwataka watubu. Wakampokonya kipaza sauti, ugomvi ukazuka, wanakijiji wakagoma kuzika. Rafiki zake ndio waliolibeba jeneza hadi kaburini, na aliyesali pale alikuwa Christopher Senyonjo, askofu mstaafu wa West Buganda. Senyonjo alikuwa ameanza kuwapa watu hawa ushauri nasaha mwaka 2001, na kwa sababu hiyo kanisa lake lilimnyima nafasi ya kuhudumu kama askofu. Kaburi moja, watumishi wawili wa kanisa moja. Usipime Anglikana kwa jina la dayosisi tu. Mtafute kasisi mwenye moyo huo, na ukimpata usimtangaze, maana unaweza kumponza.

Wamethodisti, na Wakongo hasa

Msomaji wa Lubumbashi au Kamina aliyehamia Marekani atakutana na jambo hili bila kutarajia. Kanisa la United Methodist, lenye waumini wengi Katanga, lilikuwa na maneno tangu 1972 yanayosema ushoga haupatani na mafundisho ya Kikristo. Mkutano Mkuu wa Charlotte mwaka 2024 uliyafuta, na marufuku ya wachungaji mashoga ikaondolewa kwa kura 692 dhidi ya 51. Kabla ya hapo, kati ya 2019 na 2023, sharika zaidi ya 7,600 za Marekani zilikuwa zimejitoa, nyingi zikijiunga na Global Methodist, kanisa jipya lililoshika msimamo wa zamani. Kwa hiyo neno Methodist mlangoni halitoshi, soma lote. Kwa Afrika, utaratibu mpya unaacha kila eneo lijiamulie, na Kongo imebaki na msimamo wa zamani. Kanisa la Methodist la Kenya haliguswi kabisa, kwani linajitawala tangu 1967.

Wapentekoste na makanisa ya maombezi

Hapa hakuna andiko la kulishika. Mafundisho ni mchungaji mwenyewe, na akibadilika yeye, yamebadilika. Mtu akijulikana huambiwa ana roho, afunge, aombewe, apige magoti madhabahuni. Kisha hutakiwa kutoa ushuhuda, na siku hizi ushuhuda hurekodiwa na kurushwa mtandaoni. Nasema hili kwa uzito wote: usikubali kupelekwa mbele, na kama ni mwanao, usimpeleke. Kosa la jinsia moja likishaingia kwenye video, uso wake umekwenda kila mahali, na hakuna maombezi ya kuurudisha. Na kuhusu kufunguliwa kwenyewe, kumbuka habari ya Exodus International, shirika la Kikristo la Marekani lililotumia karibu miaka 40 kuahidi watu mabadiliko. Juni 2013 kiongozi wake, Alan Chambers, aliwaomba msamaha waliojeruhiwa, na shirika likafungwa.

Wapo wachungaji wa Kipentekoste wapole, wanaokaa na mtu miaka na miaka bila kumtaja. Shida ni kwamba upole huo hauna kanuni inayoulinda. Akihamishwa huyo, umebaki peke yako.

Wasabato kwa kifupi: msimamo umeandikwa, tendo limekatazwa, na baraza la washiriki linaweza kumwondoa mtu katika ushirika kwa kupiga kura. Kura inamaanisha shauri lako linajadiliwa na watu wengi. Tangu 1976 lipo kundi la Kinship la Wasabato mashoga na wasagaji, nje ya mamlaka ya kanisa, na kwa aliyelelewa Kisabato hapo ndipo penye watu wanaoijua Sabato yake.

Makanisa yaliyoanzishwa kwa ajili yao

Metropolitan Community Church lilianza Oktoba 1968, Troy Perry alipokusanya watu 12 sebuleni kwake karibu na Los Angeles. Nairobi kuna Cosmopolitan Affirming Church, lililoanza 2013. Ndani ya makanisa haya hakuna kujificha: unaimba, unahubiri, unakuja na mwenzi wako, unapokea Meza ya Bwana. Kwa mtu aliyekaa miaka mingi akiogopa kila mahubiri, Jumapili moja ya namna hiyo ina thamani isiyosemeka.

Gharama yake nayo ni ya kweli. Ni vikundi vidogo, visivyo na umoja wa akina mama wa kuja kupika msibani, wala eneo la makaburi, wala shule. Kuonekana ukiingia pale ni kujitambulisha. Wengi husali sehemu mbili, na sioni unafiki ndani yake: asubuhi kwenye kanisa la ukoo, jioni pale wanapoweza kupumua.

Ningechagua vipi

Aliye Tanzania au Uganda, asiye na mwenzi, anayetaka sakramenti na usalama: abaki au aende Katoliki, na siri iishie kitubioni. Aliye na mwenzi nchi hizohizo hana kanisa kubwa litakalowapokea wote wawili kwa uwazi. Kwake mchungaji mmoja wa kuaminika ni bora kuliko dhehebu zima, na mengine yabaki ya nyumbani. Nairobi nafasi imezidi kidogo.

Aliye ughaibuni achunguze jambo moja ambalo huwaponza wengi: ibada ya Kiswahili inayofanyika mchana katika jengo la Waepiskopali au Walutheri wa kule mara nyingi ina mchungaji wake na msimamo wake. Bendera ya upinde wa mvua iliyo mlangoni ni ya wenye jengo. Nenda kwanza ibada ya Kiingereza ya asubuhi, ndipo uamue kama ya Kiswahili utaiongeza.

Mzazi anayetaka kumpima mchungaji asianze na habari za mwanawe. Amuulize kuhusu msiba: kijana wa usharika mwingine amefariki, inasemekana alikuwa shoga, familia inaomba azikwe Kikristo, wewe ungefanyaje? Mchungaji atakayeuliza kwanza hali ya mama wa marehemu, huyo rudi kwake siku nyingine. Atakayeuliza jina la kijana na mtaa aliokuwa akikaa, muage kwa heshima, na nyumbani mwambie mwanao asimsogelee.